Neno la Jumatatu ya Pasaka

Neno langu mwenyewe nililetewa na mwanangu Valence. Alikuja kutoka kwake Mfaranyaki, mjini, Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya Misa ya kwanza, akaniamkia kwa adabu na kuketi kwenye kigoda kilicho chini kuliko kiti changu, kama nilivyomlea. Kisha akaniuliza ni lini nitamwondoa dada yake katika shamba la Likuyufusi.

"Nimwondoe kwa kosa gani?" nilimwuliza.

"Si kosa, Baba. Shamba lile ulinipa mimi. Jumatatu ya Pasaka." Alinitazama kwa huruma. "Umesahau tena?"

Sikuweza kumkana, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kumkania. Mwezi wa kwanza, wakati wa mvua kubwa, bodaboda niliyoipanda ililikwepa lori la makaa ya mawe, ikateleza kwenye tope, nami nikaangukia kichwa kwenye ukingo wa kalavati. Ngozi ilichanika kidogo juu ya sikio. Fuvu halikuvunjika. Waliokuja kunitazama hospitalini walimshukuru Mungu kwamba ajali ile kubwa ilikuwa imeniachia kidonda kidogo. Daktari ndiye peke yake ambaye hakufurahi upesi. Alisema ubongo ni laini, unatikiswa ndani ya fuvu zima na kuumia, kama yai linavyovurugika bila ganda kupasuka.

Tangu siku ile mpaka mvua zilipokatika mwezi wa tano, sina kumbukumbu. Watu husema miezi ile ilikuwa giza kwangu. Si kweli, mtu akikaa gizani hukumbuka kwamba alikaa gizani. Miezi ile haipo kabisa. Nafunga macho hospitalini na kuyafungua nikiwa barazani kwangu, mahindi yamekauka shambani, na mke wangu Benigna ananivisha sweta kama mtoto.

Hata hivyo watu walinihesabu kuwa mzima. Mwezi wa tatu jumuiya yetu ilisomesha Misa ya shukrani nyumbani, na naambiwa kwamba padre alipofika mahali pa sala fulani, mimi niliitikia kwa Kilatini, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kama nilivyofundishwa na mapadre wa Kibenediktini nilipokuwa mtumishi wa altare Peramiho. Watu walilia kwa furaha. Mdogo wangu Dionis akatangaza kwamba kichwa kinachotunza Kilatini hakina ufa. Siku ile ile, Benigna alinieleza baadaye, baada ya wageni kuondoka nilimwuliza yeye ni nani na amepikia nini watu wengi hivyo. Daktari aliponifafanulia mambo haya sikushangaa. Mambo ya zamani yamo ghalani, alisema, na ghala halikuguswa. Kilichoharibika ni mlango wa kuingizia mapya, nao unapona taratibu.

Kwa hiyo Valence alikuwa na hoja mbili, na zote mbili zilimfaa. Mbele ya ukoo nilikuwa mzima niliyeitikia Misa kwa Kilatini, na neno langu la Pasaka lilikuwa neno la mtu mwenye akili. Mbele yangu mimi nilikuwa mgonjwa aliyesahau. Wakati ule sikuliona hilo. Yeye ni mwanangu wa kwanza.

Nilifundisha shule tangu ujana wangu hadi kustaafu, na katika miaka hiyo yote sikumwahidi mtoto fimbo nisimpe, wala sikumwahidi zawadi nisimpe. Imaculata, binti yangu, sikuwa nimemwahidi shamba. Alipofiwa na mumewe nilimruhusu alime, ajenge kibanda, alee watoto wake pale. Kulima ni kulima na kupewa ni kupewa. Ikiwa kweli nilikuwa nimempa Valence, basi nilikuwa nimempa, na kutokukumbuka hakukunifungua. Mtu akiapa usingizini hafungwi. Lakini mimi, kwa ushuhuda wa wote, nilikuwa macho.

Nilikwenda Likuyufusi kumwambia. Imaculata alikuwa katikati ya shamba akivunja mahindi, mikono imefungwa vitambaa kwa sababu ya baridi na ukali wa majani makavu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja na jambo zito. Jumatatu ya Pasaka nilimpa kaka yako shamba hili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimeandaa na majibu, kwa utaratibu, kama somo. Hakulia. Aliitazama mikono yangu, si uso wangu, akasema, "Kama umetamka, Baba, nitaondoka. Niache tu nimalize kuvuna."

"Huna la kuniuliza?"

"Sina, Baba."

Nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba nimetenda haki, na utii ule ulinikera njia nzima bila mimi kujua kwa nini.

Dionis ndiye aliyekataa mambo yaishie hapo. Alisema ardhi ya wazee haihami mkono kwa mazungumzo ya baba na mwana peke yao. Lazima ukoo usikie. Valence alikubali haraka, tena kwa furaha, akasema atakuja na shahidi. Tukakutana kwangu Ijumaa asubuhi, mwezi wa saba, jua likiwaka bila kupasha joto kitu chochote. Walikuwapo Dionis, ambaye aliongoza, dada yetu Lidwina, mjane, ambaye hakuna aliyepata kumwongoza, Benigna, Imaculata, aliyeketi mkekani karibu na mlango, na Valence na rafiki yake Saimon, mfanyabiashara mwenzake wa pale Mfaranyaki, aliyevaa koti zuri kuliko sisi sote.

"Saimon naye ni wa ukoo gani?" Lidwina aliuliza kabla ya sala. "Au amekuja kuposa?"

"Ni shahidi, Shangazi," Valence alijibu.

"Haya. Shahidi na asogee, amenikalia khanga."

Tukasali. Dionis akamwomba Valence aeleze ilivyokuwa. Akaeleza vizuri, nilimfundisha mwenyewe kusimama na kujieleza. Jumatatu ya Pasaka mama yake alikuwa amekwenda msibani. Yeye na Saimon walikuja kunisalimu na kunipa Pasaka njema. Tukazungumza. Nikasema mimi ni mzee, Imaculata ni mwanamke na anaweza kuolewa tena, na kwamba shamba la Likuyufusi nampa Valence alifanyie atakalo.

"Ndivyo," alisema Saimon. "Mzee alisema kwa kinywa chake."

Dionis alikuna kidevu. "Valence, mimi sikukatai. Lakini kaka yangu wakati ule kuna siku alikuwa vizuri na kuna siku hakujua kijiko ni cha nini. Mama yako anasema hivyo. Siku ile ulijuaje kwamba kichwa chake kimetulia?"

"Baba Mdogo, si wewe uliyesema kichwa cha Kilatini hakina ufa?"

"Nilisema. Nilikuwa nimeshiba pia. Jibu swali."

Valence akatabasamu, kama mtu anayeulizwa jambo alilolisubiri. "Nitakuambia. Tulipofika Baba alikuwa amelala, mlango wa chumba umefungwa. Nikaona nimfurahishe. Nikachukua kahawa ya pale nyuma ya nyumba, nikaikaanga mwenyewe jikoni."

"Wewe?" Lidwina alishtuka kwa kejeli. "Wewe uliyeletewa maji ya kunawa mpaka ukaoa?"

"Mimi, Shangazi. Acha nimalize. Nilikuwa sijaisaga bado. Harufu ikamfikia kule ndani. Akafungua mlango, akatoka mwenyewe bila kushikwa, akavuta pumzi namna hii, akasema, 'Nani anakaanga kahawa kama masista wa Peramiho? Toa mekoni, inataka kuungua.' Kweli ilikuwa inataka kuungua. Mtu asiye na akili timamu angejua hilo kwa harufu tu, tena kutoka chumbani?"

"Ndivyo," alisema Saimon. "Mimi mwenyewe nilishangaa."

Dionis alianza kutikisa kichwa kukubali. Benigna alikuwa ameinama akichambua ukindu wa mkeka. Mikono yake ikasimama. Aliniangalia, nami nikamwangalia, na nikahisi baridi ambayo si ya mwezi wa saba.

Nilimwuliza mwanangu taratibu, kwa sababu nilitaka kumpa nafasi. "Valence. Harufu ndiyo iliyoniamsha?"

"Harufu, Baba."

"Hukuniita?"

"Sikukuita. Ulitoka ukinusa, kama zamani."

"Una hakika? Labda Saimon alibisha hodi. Labda niliusikia moshi ukinikera machoni."

Angeweza kusema ndiyo. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo, aniachie hata shaka moja ya kumtetea. Lakini alikuwa ameshaona nyuso za watu zikimwelekea, akaona anashinda.

"Baba, pua yako ninaijua. Naapa ilikuwa harufu."

"Dada," nilimwambia Lidwina, "nenda jikoni kaniletee vitu vitatu unavyovitaka wewe, vyenye harufu kali. Usiniambie ni nini."

Nilifunga macho na Dionis akanifunga na kitambaa juu yake. Lidwina alirudi. Nilisikia pumzi yake karibu na uso wangu.

"Vuta, Kaka."

Nilivuta. "Hakuna kitu."

"Vuta vizuri. Hiki siyo padre, usikipe heshima."

"Dada, hakuna kitu. Ni hewa."

"Na hiki?"

"Hewa."

"Na hiki nacho?"

Cha tatu kilinitoa machozi chini ya kitambaa, maana kiliuma macho, lakini harufu sikuipata. Dionis aliponifungua nilimwona Lidwina ameshika kitunguu kilichokatwa, kikombe cha mafuta ya taa, na samaki mkavu wa Nyasa ambaye hata Saimon alikuwa amemgeuzia uso.

"Tangu lini?" Dionis aliuliza.

Benigna ndiye aliyejibu. "Tangu siku ya ajali. Akiwa bado kitandani hospitalini daktari alimwekea puani sabuni, akamwekea chungwa, hakujua hiki wala kile. Daktari akanieleza kwamba kichwa kikitikiswa vile, nyuzi za kunusia zilizo juu ya pua hukatika, na kwa mtu wa umri huu aghalabu hazirudi. Mwezi wa pili aliketi kando ya chungu cha maharage mpaka yakawa mkaa. Imaculata aliuona moshi toka barabarani, akaja mbio."

"Ni kweli," Imaculata alisema kwa sauti ndogo. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Kwa nini hamkusema?" Valence aliuliza.

"Nani aliuliza?" Benigna alimjibu. "Tangu atoke hospitalini unakuja, unakaa kigodani, unaondoka. Ungekula naye mara moja ungejua. Anaweka chumvi kama mtu anayepanda mbegu."

Saimon alisimama, akasema amekumbuka mtu anayemsubiri stendi. Hakuna aliyemwambia karibu tena.

Valence hakuondoka. Nilidhani atapiga magoti. Badala yake alinigeukia mimi peke yangu, macho yamejaa maji, na alivyosema ndivyo alivyosema, sitapunguza wala kuongeza.

"Ulikuwa hunijui hata jina. Nani alikuogesha kule hospitalini? Mimi. Nani alikubeba chooni mgongoni? Huyu hapa alikuwa anapalilia mahindi yake! Nilikulisha kwa kijiko na ukanitemea usoni, nikafuta, nikakulisha tena. Halafu unapona, unamwuliza Mama habari za Imaculata, watoto wa Imaculata, mbolea ya Imaculata. Mimi umeniuliza nini?"

"Ungeniomba," nilimwambia.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Na ungekuwa umekataliwa na baba yako kwa haki."

"Ndiyo maana sikuomba. Nilijua ukiambiwa umetamka, utatimiza. Hata kama hukumbuki. Wewe uko hivyo."

Nimeibiwa mara kadhaa katika maisha yangu. Mwizi huingia pale ulipozembea, pale ulipoacha dirisha wazi. Mwanangu aliingia kwa mlango niliojenga imara kuliko yote, na ufunguo nilimpa mwenyewe, tangu utoto wake, kila siku niliposimama mbele yake na kusema mtu ni neno lake. Aliyasikia mafundisho yale yote. Aliyaelewa kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kufundisha.

Dionis aliamua bila maneno mengi: shamba libaki lilivyokuwa, na Valence asifike kwenye kikao cha ukoo mpaka aitwe. Valence alichukua kofia yake. Mlangoni alimpita dada yake bila kumtazama, na Imaculata akavuta miguu yake mkekani ili asije akamkanyaga.

Alasiri, watu walipokwisha kuondoka, Benigna aliketi uani akipukuchua mahindi, nami nikaketi kumsaidia. Vidole vyangu vya kulia bado ni vizito tangu ajali. Kwa kila gunzi langu yeye humaliza mengi. Nilikuwa na furaha mbaya moyoni. Ikiwa Valence alidanganya juu ya Pasaka, basi huenda mengine niliyoambiwa nayo yalikuwa uongo: kwamba nilimtukana katekista, kwamba nilivua nguo barazani mbele ya wapita njia. Nikaanza kumtajia Benigna moja moja, nikingoja aseme hapana.

"Hayo ni kweli, Baba Valence," alisema. "Katekista amekwisha kusamehe. Na wapita njia waligeuza nyuso."

Aliniita kwa jina la mwanangu, kama anavyoniita tangu mtoto yule alipozaliwa, na kwa mara ya kwanza jina lile liliniuma.

"Kuna mengine ambayo sijaambiwa?"

Aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo.

"Benigna. Leo nimedanganywa na mtoto niliyemzaa. Na wewe unanificha?"

"Nilikuambia," alisema. "Wakati ule ule. Ulilia kama mtoto, ukaomba tumwite padre. Kesho yake hukujua kitu. Nikakuambia tena, kwa kuwa niliona si haki usijue. Ukalia tena kama mara ya kwanza, halafu ukasahau tena. Nikaona ninakutesa bure, nikaacha. Kisha ukaanza kupona, nikaogopa." Aliweka gunzi chini. "Sasa ukisikia hutasahau. Daktari amesema mlango umefunguka. Bado unataka?"

"Sema."

"Siku ile ya maharage. Imaculata aliingia mbio akiona moshi, akakuvuta mkono uondoke motoni. Ulichukua ukuni uliokuwa ukiwaka. Ulimpiga nao begani, ndiyo maana havai nguo ya mabega wazi. Ukamwita mchawi aliyemla mumewe. Ukamwambia atoke katika shamba lako na asikanyage tena. Watoto wake walikuwa mlangoni. Siku mbili tatu kabla yake daktari alikuwa ameshatuonya kwamba hasira itakuja ghafla, si yako, ni ya jeraha. Tuliyajua hayo mimi na Imaculata. Lakini bega ni bega."

Nilitaka kusema kwamba si mimi. Sikuikumbuka sauti, wala ukuni, wala moto. Nilijaribu kulitafuta jambo lile ndani yangu kama mtu anayepapasa sakafuni, nikakuta sakafu tupu. Nikaelewa basi kwa nini binti yangu hakuniuliza lolote kule shambani. Lile nililompelekea alikwisha kulisikia kinywani mwangu, na Valence, ambaye alikuwapo wakati ule akija na kuondoka, bila shaka alilisikia pia. Hakutunga neno lake kutoka hewani. Aliliokota mahali nilipoliangusha.

Benigna hakunigusa. Alinisogezea ungo, tukapukuchua mpaka jua lilipoingia nyuma ya nyumba.

Asubuhi yake niliamka kabla ya kengele ya sala ya Malaika wa Bwana. Nililala kimya, nikisubiri kuona kama jambo lile limeondoka. Lilikuwapo, zima, na bega na watoto mlangoni. Nikavaa sweta, nikatembea kwa miguu mpaka barabarani na kupanda gari la Likuyufusi.

Imaculata alikuwa tayari shambani. Hakusogea aliponiona, ila alihamisha kapu kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, likawa kati yetu.

"Shikamoo, Baba."

Sikuitikia, maana niliona sistahili kuitikia. "Nimekuja kwa sababu ya bega lako," nilisema.

Alivunja hindi jingine, akalitupa kapuni. Upepo ulipita katika mabua.

"Umekumbuka, au umeambiwa?"

Maisha yangu yote nilijua la kujibu. Ingekuwa rahisi kumwambia nimekumbuka; lingemfaa zaidi, na hakuna ambaye angenishuhudia kinyume.

"Nimeambiwa," nilisema. "Kukumbuka sitakumbuka kamwe. Lakini nililala nalo na nimeamka nalo."

Alinitazama usoni, si mikononi. Kisha akaliweka kapu chini, akageuka, akaendelea kuvunja mahindi katika mstari wake. Nami nikaingia katika mstari wa jirani, umbali wa mikono miwili kutoka kwake, nikaanza kuvunja kwa vidole vyangu vizito. Hakuniambia nibaki, wala hakuniambia niondoke.